Kijana Wako Amejifunza Wapi Kupenda?



Wazazi wengi hapa Timau, wakigundua kwamba mtoto wao ana rafiki wa kiume au wa kike, huuliza upesi: "Amemtoa wapi huyu?" Ni wachache wanaouliza swali lililo zito zaidi: mtoto wangu amejifunza wapi kuwa karibu na mtu?

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hili lilipata ushahidi hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyelelewa Kanada, alifika Kampala pamoja na mumewe. Alizitembelea mara kwa mara familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu, akiangalia watoto wachanga 28: wanamfuataje mama, wanaliaje akiondoka, wananyamazaje akirudi. Mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Watoto wengi walikuwa wametulia. Walitambaa mbali kucheza, na wakiogopa walimrudia mama. Wengine walilia hata wakiwa wamepakatwa. Akina mama walioweza kueleza habari za mtoto wao kinaganaga ndio hasa waliokuwa na watoto watulivu. Tena, mtoto kusaidiwa na walezi wengine hakukumzuia kutulia.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, Ainsworth aliwaeleza pia watoto wanaogeuza uso mama anaporudi, kana kwamba hawamhitaji. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaandika kwamba njia hizo tatu huonekana hata katika mapenzi ya watu wazima.

Je, kwa vijana wetu zinaonekanaje? Yuko aliyetulia. Humpenda mwenzake bila kuacha masomo wala marafiki, na akiambiwa "hapana" haoni kwamba dunia imekwisha. Yuko mwenye hofu ya kuachwa. Asipojibiwa ujumbe wa simu kwa saa moja hapati usingizi. Huyu yumo hatarini, kwa maana anaweza kukubali lolote, hata lile ambalo moyo wake unalikataa, ili mradi asiachwe. Na yuko anayekimbia. Hucheka na wote, lakini mwenzake akianza kumweleza mambo ya moyoni, yeye hutafuta kosa na kuvunja urafiki.

Sasa, je, tumlaumu kijana kwa hofu ambayo hakuichagua? Hapana. Yule wa kwanza tusimwite mhuni, wala huyu wa mwisho tusimwite mwenye kiburi. Lakini pia tusimwondolee wajibu wake. Hofu yangu inaeleza kwa nini ninakuumiza. Hainipi ruhusa ya kukuumiza. Methali yetu nayo tusiifanye hukumu. Utafiti wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba namna ya kushikamana na watu inaweza kubadilika, mtu akipata wa kumtegemea kweli: shangazi, mwalimu, rafiki mwaminifu, au mwenzi wa ndoa. Kilichofundishwa na watu kinaweza kufundishwa upya na watu.

Wazazi wapenzi, najua maisha yetu. Mama yuko shamba la maua tangu alfajiri, na kabla ya siku ya wapendanao kazi huzidi. Baba yuko safarini, mtoto yuko shule ya bweni. Si lazima uache kazi. Kijana hahitaji uwe naye kila saa. Anahitaji kujua kwamba akiogopa, utapatikana. Siku atakapokuja kukuambia, "Mama, ameniacha," usimcheke, wala usiseme, "Nilikuambia." Weka jembe chini, umsikilize. Usipomsikiliza wewe, atamtafuta wa kumsikiliza, na huenda huyo akadai malipo.

Nanyi vijana, jiulizeni kwa unyofu: ninampenda huyu, au ninaogopa kuwa peke yangu? Usimpe mvulana wa miaka kumi na saba kazi ya kuwa baba ambaye hukumpata. Mzigo huo hauwezi, na atautupa. Nawe unayekimbia, kabla ya kuvunja urafiki, mweleze mwenzako neno moja la kweli. Hilo ndilo zoezi la kwanza la ndoa.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:

1. Sisi wenyewe, mume na mke, tukikosana, nani hung'ang'ania na nani hukimbia? Watoto wanajifunza nini kwa kututazama?

2. Mtoto wetu akiwa na hofu, humwendea nani kwanza? Kwa nini?

3. Tunaweza kueleza kinaganaga kinachomsumbua wiki hii? Kama hatuwezi, tuanze jioni hii kwa kumwuliza.