Nani kawafanya yatima watoto hawa wa paka?

HADITHI ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka inajulikana na karibu kila Muislamu aliyepita madrasa utotoni. Imepokewa kwa Abdullah bin Umar (r.a.) na kwa Abu Huraira (r.a.), na imo katika Bukhari na Muslim. Tatizo ni kuwa wengi wetu tunaisimulia nusu. Tunasema alimnyima paka chakula, paka akafa, mwanamke akaingia Motoni. Basi msikilizaji anajisemea moyoni: mimi sifugi paka, hainihusu.

Tukiitazama kwa makini tutaona kuwa kosa lililotajwa lina pande mbili zilizokwenda pamoja. Kwanza, alimfungia. Pili, hali ya kuwa amemfungia hakumlisha wala hakumnywesha, na wala hakumwachia akajitafutia vijidudu vya ardhini. Angemfungia na kumlisha, paka angeishi. Angemwachia bila kumlisha, paka angehangaikia riziki yake ambayo Allah (s.w.) ameitawanya katika ardhi. Kilichomuua paka yule ni mkono ulioziba njia zote mbili kwa wakati mmoja.

Nimeanza na hadithi hiyo kwa sababu ya viroba. Hapa kwetu Mafiga, katika Manispaa ya Morogoro, na sidhani kama huko uliko ndugu msomaji hali ni tofauti, paka jike akizaa stoo, uvunguni mwa kitanda au juu ya dari, siku ya pili au ya tatu mwenye nyumba huwakusanya wale watoto. Macho bado hawajafungua. Huwatia ndani ya boksi au kiroba cha unga, mdomo ukafungwa kwa kamba, akapewa kijana akatupe. Kijana naye hana mambo mengi: mtaroni, jalalani, au kando ya mto. Ukimuuliza mwenye nyumba atakujibu kuwa yeye hakuua, amewatupa tu, riziki yao iko kwa Mungu.

Ni kweli kuwa riziki ya kila kiumbe iko kwa Allah (s.w.). Hilo limo katika Suratu Hud, aya ya 6. Lakini riziki ya mtoto wa paka wa siku tatu Allah ameiweka mahali panapojulikana, nayo ni chuchu za mama yake. Aliyemtoa hapo, akamfunga kwenye kiroba, kisha akasema riziki iko kwa Mungu, hiyo si tawakali. Huyo amemkamata mtu riziki yake mdomoni, kisha anamuombea dua ya kupata. Tena amemzidi yule mwanamke wa kwenye hadithi, kwani paka wa yule mwanamke lau angefunguliwa mlango angekwenda kuwinda. Hawa hata kiroba kikifunguka hawana pa kwenda.

Wajuzi wa lugha ya Kiarabu wanasema jambo la kuzingatiwa kuhusu neno yatima. Kwa binadamu, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, kwa sababu baba ndiye mwenye jukumu la kumtafutia. Kwa wanyama, yatima ni aliyemkosa mama, kwa sababu mama ndiye anayelisha. Basi tukipita mtaani tukasikia sauti ndogo ndani ya boksi, tukasema maskini yatima hawa, tujiulize mama yao amekufa lini? Mara nyingi hajafa. Yuko nyumba ya tatu kutoka hapo, maziwa yamemjaa, anazunguka ua mzima analia, na watu wa nyumba ile wanamrushia ndala kwa kuwa anawapigia kelele. Uyatima huo haukuletwa na mauti. Umeletwa na sisi.

Abdullah bin Mas'ud (r.a.) amesimulia kisa kilichomo katika Sunan Abi Dawud. Walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.). Mtume alipokwenda kwenye haja yake, masahaba wakaona ndege mdogo akiwa na makinda mawili, wakayachukua yale makinda. Mama akaja akawa anapigapiga mbawa karibu na ardhi. Mtume (s.a.w.) aliporejea na kuiona hali ile akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa kumchukulia watoto wake, na akaamrisha arudishiwe. Hakuamrisha makinda yatafutiwe chakula kizuri wala yatengenezewe tundu. Amri ilikuwa kurudisha. Naam, na hawa walikuwa masahaba, wala hawakuyachukua kwa nia ya kuyatupa.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu Afrika Mashariki, waliijenga fiqhi yao katika njia hiyo hiyo. Imam Nawawi katika Minhaj, kwenye mlango wa matumizi, ameweka kuwa mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha, na kuwa haifai kumkama maziwa kiasi cha kumdhuru mtoto wake. Ikiwa ng'ombe, ambaye maziwa yake ni mali inayouzwa, mwenye mali anazuiwa asichukue fungu la ndama, vipi paka ambaye maziwa yake hayana kazi nyingine duniani isipokuwa kunyonyesha watoto wake?

Masika yaliyopita wanafunzi wangu watatu wa jioni waliingia madrasa na boksi la sabuni. Ndani mlikuwa na watoto wanne wa paka waliookotwa mtaroni, wamelowa, na wawili wameshakuwa baridi kama jiwe. Kijana mmoja alikuwa amenunua maziwa ya ng'ombe kwa hela yake ya maandazi. Amemshika mmoja wao chali, kama mama anavyompakata mtoto mchanga, anamtilia maziwa kwa kijiko na maziwa yanatokea puani. Nikamwambia asimamishe kwanza. Binti mmoja, umri wake hauzidi miaka 10, akaniuliza: "Ustadh, tunapata thawabu hata akifa?"

Nilimjibu kwa hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa khofu yake, Allah akamsamehe, na Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, kuna malipo. Malipo yametajwa kwa kuhudumia. Uhai na mauti viko kwa mwenyewe. Lakini nikamwongezea kuwa yule mtu alimpa mbwa maji kwa sababu alijua kiu ni nini, alikuwa ametoka kuionja yeye mwenyewe. Na sisi inatupasa tujue mtoto wa paka anahitaji nini kabla ya kumtia kitu mdomoni.

Kitu cha kwanza anachohitaji si maziwa, ni joto. Katika wiki tatu za mwanzo mwili wake hauwezi kujitunzia joto wenyewe, na tumbo lililopoa halisagi chakula. Ukimnywesha akiwa baridi unamharakishia kufa. Akaushwe, azungushiwe kitambaa, kando yake iwekwe chupa ya maji ya moto iliyovishwa nguo, na abakiwe na nafasi ya kujisogeza pembeni joto likizidi. Jina la mtaa wetu lisitudanganye tukamlaza mafigani. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa limeshaua watu wazima, seuze yeye.

Akishapata joto, maziwa ya ng'ombe hayamfai. Sukari iliyomo humshinda tumboni, akaharisha, na kuharisha humkausha maji akafa siku chache baadaye huku mwenye huruma anashangaa kwani alikuwa akimpa maziwa kila siku. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watoto wa paka, na daktari wa mifugo anaweza kukuelekeza pa kuyapata au cha kutumia kwa dharura mpaka yapatikane. Anywe akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kwa chupa ndogo au bomba la sindano lililotolewa sindano, tone kwa tone. Akiwekwa chali maziwa huingia mapafuni. Wiki ya kwanza anakula kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na saa zinaongezeka kadiri anavyokua. Paka anazaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, na anatakiwa aongeze si chini ya gramu 10 kwa siku. Asipoongezeka siku mbili mfululizo kuna tatizo.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtoto wa paka mchanga hawezi kukojoa wala kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba sehemu za nyuma mpaka zitoke. Asiye na mama lazima apanguswe na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kila baada ya kula. Paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo wake na kinyesi chake ni najisi, kwa hiyo kitambaa hicho na nguo iliyopatwa vioshwe kabla ya Swala. Naye akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani kichaa cha mbwa kinampata paka pia.

Msomaji atasema kazi yote hii nani anaiweza? Ndiyo maana nikatangulia na amri ya kurudisha. Paka mmoja jike anaifanya kazi hiyo bila saa na bila daftari. Wale wanne wa kwenye boksi, wawili walikufa usiku ule ule. Wawili waliobaki tuliwapelekea bibi mmoja jirani ambaye paka wake alikuwa ananyonyesha. Paka akawanusa, akawalamba, akawavuta tumboni pamoja na wake. Mara nyingi paka anayenyonyesha humpokea mtoto wa mwenzake akiletewa mapema. Kwa hiyo ukiwakuta mahali wametulia, hawajatupwa, usiwahi kuwabeba. Kaa mbali saa kadhaa. Huenda mama amekwenda kuwinda, au yumo katika kuwahamisha mmoja mmoja kumkimbia paka shume.

Kuna wanaokereka na mazungumzo haya. Wanasema watoto wa binadamu wanalala na njaa, misikiti haina vyoo, na Ustadh anatuletea habari za paka. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kiroba kingekuwa kinafungwa ili kuokoa chakula cha mtoto yatima. Lakini hakuna yatima aliyeshiba kwa sababu paka katupwa mtaroni. Paka anayenyonyesha anaomba kona ya stoo kwa wiki nane, na makombo ya dagaa ambayo yangemwagwa. Na Mtume (s.a.w.) aliyesimama kumuulizia ndege mmoja alikuwa na umma mzima mgongoni mwake.

Wapo pia wanaovuka mpaka upande wa pili. Maneno yanayosambazwa kuwa kumpenda paka ni katika imani si hadithi sahihi. Wanazuoni wa hadithi, akiwamo as-Saghani, wameyahesabu kuwa ni ya kubuni. Na kisa cha Mtume (s.a.w.) kukata mkono wa kanzu ili asimwamshe paka hakina isnadi inayojulikana. Hatuna haja ya kumzulia Mtume ili tumhurumie paka. Tunayo hadithi ya Abu Qatada (r.a.) aliyeinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, mke wa mwanawe Kabsha bint Ka'b akamtazama kwa mshangao, naye akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema si najisi, ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Imo katika Muwatta na katika Sunan. Wazee wetu nao walisema paka wa nyumba haingwa.

Tena sisi watu wa Morogoro hatuna udhuru wa kusema hatujui kulea kiumbe mdogo. Hapa hapa, katika eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linalea panya buku tangu wakiwa wachanga, wanashikwa mikononi kila siku na kupewa ndizi mpaka wanazoea watu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akanusa mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na taasisi ya PDSA ya Uingereza, na akafa Januari 2022. Mji unaomlea panya hivyo unamtia paka kwenye kiroba!

Kwa anayesema paka wamemzidi nyumbani, hilo ni tatizo la kweli wala sitalidharau. Dawa yake ni kabla ya mimba, si baada ya kuzaa. Miongoni mwa wanazuoni wa zama zetu, Sheikh Muhammad bin Swaleh al-Uthaymin ameruhusu paka wafungwe uzazi kwa upasuaji ikiwa wamekuwa wengi na wanaudhi, kwa sharti upasuaji usiwadhuru. Wengine wanalikataza au kulichukia, kwa hiyo mwenye shaka amuulize sheikh wake. SUA kuna hospitali ya wanyama, na si mbali na Mafiga. Kwa jinsi majirani watatu au wanne wanavyochangiana kuzibua mtaro, wanaweza kuchangiana kwa paka jike mmoja anayezunguka nyumba zao zote. Kwa aliyezaa tayari, watoto wabaki naye wiki nane, waanze kula laini wakifika wiki ya nne, kisha watafutiwe nyumba. Watu wenye maduka ya nafaka sokoni huwa hawakatai paka.

Wallahu a'lam.