Sifuri ya Mita Isikudanganye

Mwanangu unayefungua redio, unayetengeneza sabufa za majirani na kuunganisha taa za sola, nina neno nawe kuhusu mita ya kupimia umeme. Umeme hauonekani wala haunuki. Tunaujua kwa kupima. Kwa hiyo anayeamini kipimo cha uongo huipelekea hatari mkono wake akiwa ametulia kabisa.

Namba kubwa ikitokea kwenye kioo, hata mwanafunzi hurudisha mkono. Inayoua ni sifuri. Kijana anaiona, anasema "hakuna moto hapa," anashika waya. Lakini sifuri ina maana nyingi. Huenda umeme haupo kweli. Huenda waya wa mita umekatika ndani ya mpira wake na kwa nje hauonyeshi kitu. Huenda swichi umeiacha kwenye volti za DC, nawe unapima soketi yenye volti 230 za AC. Hapo mita nyingi zitakuonyesha sifuri au karibu yake, na waya wa moto uko mbele yako.

Dawa yake ni kupima mara tatu. Pima kwanza mahali unapojua umeme upo, uone mita inasema kweli. Kisha pima pale unapotaka kugusa. Halafu rudi ulikoanzia upime tena, maana mita inaweza kufa katikati ya kazi. Mafundi wa umeme waliofunzwa vizuri hawaachi utaratibu huu, nawe usiuache hata kama mteja amesimama mlangoni anakuhimiza.

Sasa elewa kwa nini kifaa hiki kinahitaji akili. Zamani volti, ampea na ukinzani vilipimwa kwa vifaa tofauti. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoshwa na kubeba vifaa hivyo vyote, akabuni kimoja cha kufanya kazi zote tatu. Kiliingia sokoni mwaka 1923 kwa jina la Avometer. Mita uliyonayo leo ni mjukuu wa kifaa hicho. Kuunganisha huko kulileta urahisi, na ndiko kulikoleta mtego. Mita ikiwa kwenye volti, karibu inauzuia umeme kabisa usipite ndani yake. Ikiwa kwenye ampea, inaupitisha kana kwamba ni kipande cha waya mnene. Kwa hiyo volti hupimwa kwa kugusa pande mbili za kitu, lakini ampea hupimwa kwa kukata njia na kuupitisha umeme ndani ya mita.

Angalia matundu ya mita yako. Lipo lililoandikwa COM, lipo la volti na ukinzani, na lipo lililoandikwa 10A. Kijana anapima ampea, anamaliza, anazungusha swichi kwenda kwenye volti, lakini waya mwekundu anausahau kwenye 10A. Anachokiingiza kwenye soketi sasa ni shoti, ingawa swichi inasomeka volti. Na kuna wanaogusisha mita iliyo kwenye ampea kwenye vichwa vya betri ya sola, eti waone ina ampea ngapi. Betri haipimwi hivyo. Betri ya volti 12 haikupigi mwili, lakini ikipata shoti hutoa mamia ya ampea, ikayeyusha waya na kuunguza kidole chenye pete. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye volti papo hapo, kabla hujaweka mita chini.

Tuje kwenye kununua. Mita ndogo ya manjano ya bei nafuu, ile DT830 inayojaa madukani, si mbaya kwa redio ya betri, chaja ya simu upande wa volti 5, au saketi ya kujifunzia. Itumie huko huko. Usiipeleke kwenye soketi, na kwenye meinswichi usiifikirie.

Siku utakapotaka kugusa umeme wa nyumba, nunua nyingine. Tafuta alama ya CAT karibu na matundu. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni ya meinswichi na nyaya za ndani ya ukuta. CAT IV ni ya pale umeme unapoingia nyumbani kutoka nguzoni. Kadiri unavyoikaribia nguzo, ndivyo mruko wa ghafla wa umeme, wa radi au wa mashine kubwa, unavyokuja na nguvu zaidi. Mimi nakushauri CAT III ya volti 600.

Lakini maandishi yasikutoshe, maana kuandika ni rahisi. Mwombe muuzaji mfungue mgongo wa mita muitazame fyuzi. Ukikuta kioo chembamba kilichoandikwa 250V ndani ya mita inayojigamba volti 1,000, rudisha. Fyuzi ya kuaminika kwa kazi hii ni ya kauri, imejazwa mchanga ndani, na volti zake zinalingana na za mita. Mchanga huo huzima cheche pale fyuzi inapokatika. Ile ya kioo inaweza kupasuka. Tazama pia nyaya: ziwe na mpira mnene, kinga ya vidole, na ncha za chuma zilizo wazi kidogo tu. Na fyuzi ikiungua, weka inayofanana nayo. Anayeweka kipande cha waya ameondoa kinga yake mwenyewe.

Usidhani kuchomoa plagi kunamaliza hatari. Ndani ya sapulai ya televisheni, volti 230 za AC hugeuzwa kuwa takriban volti 325 za DC, na kapasita kubwa huweza kuzihifadhi baada ya kuchomoa. Weka swichi kwenye volti za DC, pima kapasita, kisha imwage kwa rezista ya wati 5 au 10 iliyofungwa vishikio visivyopitisha umeme, na upime tena. Usiimwage kwa bisibisi. Oveni ya maikrowevu, inayozalisha volti 2,000 na zaidi, na televisheni ya zamani ya kichogo, inayopita 20,000, hizo mita ya kawaida haiziwezi kabisa. Waachie wenye vifaa vyake.

Jambo la mwisho ni betri ya mita yenyewe. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, ibadilishe siku hiyo hiyo, kwa kuwa betri ikichoka vipimo hupotoka.

Watu husema ajali haina kinga. Katika kazi hii nakataa. Kinga ipo, nayo ni mazoea ya dakika moja. Usishike waya kwa sababu mita imesema sifuri. Ushike kwa sababu umehakikisha kwanza kwamba mita yenyewe inasema kweli. Na ukipata mwanafunzi, mfundishe hilo kabla hujamfundisha kulehemu.