Ukuta Uliotulia

Januari 2024 mvua zilinyesha sana mkoani Simiyu. Katika machimbo ya dhahabu ya Ng'alita, wilayani Bariadi, uchimbaji ulikuwa umezuiwa kwa sababu ardhi ilikuwa imelowa. Kundi la wachimbaji wadogo likaingia hata hivyo. Kifusi kikawaporomokea, na maiti 22 zikatolewa, nyingi za vijana.

Bariadi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi 2012, na wachimbaji wake ni ndugu wa hawa wa Kahama na Geita. Kwa hiyo msiba ule ni wetu, na funzo lake ni letu.

Aliyeutazama ukuta wa shimo lile kabla haujaanguka angeuona umetulia. Hapo ndipo wengi hunaswa. Kanuni ya kwanza ya Newton husema kitu kilichotulia kitaendelea kutulia mpaka kani isiyosawazishwa ikisogeze. Kanuni hiyo haisemi kwamba kilichotulia hakina kani. Ukuta wa duara, yaani shimo la uchimbaji, una kani zinazoshindana usiku na mchana: uzito wa ardhi unavuta chini, msuguano na mshikamano wa udongo unazuia. Utulivu tunaouona ni sare tu.

Mvua huivunja sare hiyo kwa pande mbili. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina takriban tani moja na nusu. Ikilowa hukaribia tani mbili. Papo hapo maji yanayojaa kati ya chembe huzisukuma ziachane, na msuguano hupungua. Kinachovuta kinaongezeka, kinachozuia kinadhoofika, na kwa macho ukuta ni ule ule wa jana.

Matimba, yaani miti inayoegemeza dari ya mgodi, nayo yana kanuni yake. Mti husukuma dari kwa kani ile ile ambayo dari inausukuma, lakini kwa kadiri ya uimara wake tu. Uzito ukiuzidi, unavunjika. Na nguzo ya mwamba ikichongwa kwa sababu ina mbale nzuri, yaani mawe yenye dhahabu, uzito uliokuwa juu yake haupotei. Unahamia kwa nguzo jirani, ambazo huenda tayari zimeelemewa.

Tarehe 5 Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa Nyangarata, wilayani Kahama. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula wadudu na vyura. Wa sita alifia humo. Geita nako, Januari 2017, watu 15 waliofukiwa mgodini waliokolewa wote baada ya siku tatu. Tunazisimulia habari hizi kama miujiza, na tuna haki. Lakini muujiza si mpango wa kazi. Wale 22 wa Ng'alita hawakuupata.

Hata ukuta ukisimama, jiwe moja linatosha. Likiachia mdomoni mwa shimo la mita 20, hufika chini kwa sekunde mbili hivi, likiwa na mwendo wa takriban kilomita 70 kwa saa, sawa na basi barabarani. Jiwe la kilo moja likisimamishwa ghafla na fuvu ndani ya sentimita moja, hugonga kwa kani ya kiasi cha uzito wa tani mbili. Kofia ngumu huongeza umbali wa kusimama na kulitawanya pigo hilo mahali papana. Husaidia, lakini haimfanyi mtu kuwa chuma.

Basi, mchimbaji, usirundike kifusi ukingoni mwa duara, maana unauongezea ukuta mzigo. Mvua ikikatika usiamini vumbi la juu. Ndani bado kumelowa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa ukingoni mwa shimo hauzibwi: unakimbiwa. Nawe mwenye duara, afisa madini akisema shimo lifungwe, lifunge, na uweke mlinzi usiku, kwa kuwa njaa haisomi tangazo. Dhahabu iliyokaa ardhini tangu enzi haitaoza kwa kusubiri udongo ukauke.