Mpangilio wa Orodha na Haki ya Msomaji Asiyeona

Swali la kama mpangilio ni sehemu ya maarifa au ni pambo linaloongezwa juu yake liligusiwa na Aristotle katika Metafizikia, alipoonesha kwamba silabi "ba" ina zaidi ya herufi zake mbili, kwa kuwa herufi zinaweza kubaki zote huku silabi yenyewe imetoweka. Hoja hiyo ina uzito wa pekee katika elimu ya masafa, ambayo mkazi wa Mikocheni huweza kuifuata akiwa nyumbani kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye makao makuu Kinondoni.

Mwanafunzi asiyeona husoma kurasa za kozi kwa kisomaskrini, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa sauti. Mojawapo, NVDA, hutolewa bure na huweza kusoma Kiswahili. Mwalimu akiunda orodha kwa kitufe cha orodha kilichomo katika programu ya kuandikia, ukurasa hubeba alama za ndani zinazoiwezesha programu kumwarifu msikilizaji kwamba orodha imeanza, ina vipengele vingapi, na kwamba orodha ndogo imefunguka ndani ya kubwa. Lakini mwalimu akipiga vistari kwa mkono na kusogeza mistari kwa nafasi tupu, jicho huona orodha ilhali sikio hupokea mfululizo wa maneno usio na ngazi.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatosha kuwa mfano. Mkataba halali huhitaji ridhaa huru, uwezo wa wahusika, malipo halali na lengo halali. Kisha chini ya ridhaa huru hutajwa mambo yanayoiharibu, nayo ni shuruti, ushawishi usiofaa, udanganyifu, maelezo ya upotoshaji na makosa. Ngazi hizo mbili zikichanganywa, mwanafunzi husikia mambo tisa yaliyo sambamba, udanganyifu ukikaa safu moja na uwezo wa wahusika, na ingawa hakuna neno lililopotea, sheria iliyofundishwa imeharibika.

Ni kosa, basi, kuita kazi ya kupanga orodha ipasavyo hisani, kwa maana mwanafunzi huyo anadai somo lile lile walilopewa wenzake. Wafasiri wa Qurani huihusisha Sura ya 80, Abasa, na Abdullah bin Umm Maktum, kipofu aliyemwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) alipokuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, na inafaa kuzingatiwa sana kwamba alichokitaka kilikuwa kufundishwa, wala hakuomba sadaka. Mambo ya Walawi 19:14 nayo inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu, bila kumwachia nafasi anayekiweka kwa kutojali.

Huenda mwalimu akajitetea kwamba hana mwanafunzi asiyeona. Utetezi huo ni dhaifu, kwa sababu anayefundisha kwa masafa mara nyingi hawaoni wanafunzi wake. Tena yeye ndiye ajuaye kipengele kipi kiko chini ya kipi, uhusiano ambao fundi wa mitambo hawezi kuurejesha baadaye ila kwa kukisia.