Kosa Lililokwisha Kutoka Mkononi

Wanazuoni wetu wa Kiislamu tangu zamani wamezigawa dhambi mafungu mawili: iliyo baina ya mja na Mola wake, ambayo hufutwa kwa toba ya kweli, yaani majuto na azma ya kutoirudia, na iliyogusa haki ya mwanadamu mwingine, ambayo majuto peke yake hayatoshi mpaka mwenye haki arudishiwe haki yake au asamehe kwa ridhaa yake. Sikutaraji kuukuta mgawanyo huu katika kazi ya waandishi wa programu za kompyuta, ambao aghalabu hawadai elimu ya dini, lakini umo.

Chombo chao cha kuweka daftari la kazi ni Git, alichokitunga Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005. Aanzaye kukitumia hutaja kwanza jina lake na anwani yake ya barua pepe (na hapa chombo humsadiki tu, hata akijiita sultani), kisha kila ahifadhipo hatua ya kazi yake huandikwa tarehe, saa, maelezo ya alichokibadili, na alama ya herufi na tarakimu 40 itokanayo na yote hayo pamoja na alama ya hatua iliyotangulia. Hata mtu akigusa nukta moja ya zamani, alama za hatua zote zilizofuata hubadilika.

Basi akosapo afanyeje? Kosa likiwa katika hatua ya mwisho, nayo ingali katika kompyuta yake, huandika git commit --amend, hatua mbovu ikaondoka katika mfululizo na iliyo sahihi ikashika nafasi yake, wala hapana amlaumuye, kwa kuwa hapana aliyedhurika. Lakini akishaipeleka GitHub, ghala la mtandaoni lililofunguliwa mwaka 2008, na wenzake wakaichukua na kujenga juu yake, ada ya kazi humtaka aandike git revert, ambayo haiondoi kitu, bali huongeza hatua mpya iliyo kinyume cha ile ya kosa, zote mbili zikakaa daftarini. Na aliyepeleka neno la siri kwa kughafilika, kisha akalifuta katika faili, hajafanya kitu: lingali katika hatua za nyuma, na hata akizifuta hizo, nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazimo mikononi mwake. Tiba ni kulibadilisha neno lenyewe papo hapo.

Watakuja wasemao kwamba daftari lisilosahau ni ukatili, na kwamba rehema ni kusitiriwa. Nakubali, kwa aibu isiyomdhuru mwingine. Bali anayetaka kufutiwa kosa ambalo wenzake wangali wanalihangaikia, huyo haombi rehema, anaomba wenzake wahangaike gizani.

Wewe unayeanza leo, basi, isome kazi yako kabla ya kuipeleka. Na ukilazimika kuitangua, eleza waziwazi kosa lilikuwa nini, maana atakayekuja kulitafuta huenda akawa mtu usiyemjua.