Risasi ya Mti

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja linaonekana dogo, na huenda ukaliona la kitoto: kitu cha bandia kifanane na cha kweli kwa kiasi gani? Mwenye kumtengenezea mtoto mwanasesere hana haja ya kujiuliza. Mimi nimelibeba swali hili tangu mwaka 1984, na lilinijia kwa njia ya risasi.

Tulikuwa tukiishi Daraja Mbili, hapa Arusha, katika nyumba yenye uani mdogo ambako mama alipikia na sisi watoto tulichezea. Baba mdogo alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja mjini. Kabla ya hapo alikuwa mgambo, akaitwa vitani Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, akarudi nyumbani baada ya Kampala kutekwa mwezi Aprili 1979. Hakuwa mtu wa kusimulia vita. Alichopenda kusema ni kwamba katika mafunzo ya mgambo walizunguka na bunduki za mti kwa muda mrefu, hata siku walipokabidhiwa za chuma wapo waliozishika kana kwamba bado ni mti.

Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu. Sukari, sabuni na khanga vilitafutwa kama dawa, na ghala lenye vitu hivyo halikulindwa kwa rungu tu. Walinzi wenzake walikuwa wamepewa bunduki za zamani, zile za kuvuta mtambo kwa mkono, na maelekezo ya nusu siku. Basi jioni, wakiwa njiani kwenda lindoni, walipita kwetu ili awafundishe kujaza, kuvuta mtambo, na kuondoa risasi iliyokwama. Kufanya mazoezi hayo kwa risasi za kweli, uani penye watoto, ni wazimu. Kuyafanya kwa bunduki tupu nako hakumfundishi mtu kitu, maana hakuna kinachoingia wala kinachotoka. Kwa sababu hiyo alitengeneza risasi zake mwenyewe.

Nilikaa naye akizitengeneza. Maganda matupu alipewa na dereva aliyefanya kazi na wawindaji. Alikagua kila ganda, akaondoa fataki iliyokwisha kupigwa na mahali pake akapachika kipande cha mpira wa kandambili, ili pini ya bunduki ipige mahali laini isiharibike. Kisha akachonga kijiti cha mpera, akakipitisha ndani ya ganda mpaka chini, ncha yake ikatokeza mbele kwa urefu uleule wa risasi ya kweli. Aliipima kwa kuilaza kando ya ile ya kweli, maana ikizidi kidogo haiingii katika chemba. Mwisho alichukua keekee akatoboa ganda upande hata upande, matundu mawili, na kitako akakipaka rangi nyekundu ya mlango. Zilikuwa kumi na mbili, na zilikuwa mbaya kwa sura.

Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema, “Baba, ifanane na risasi kwa bunduki. Kwa mtu isifanane.”

Mtu akiishika gizani, kidole kikute tundu. Mchana, jicho likute wekundu. Hapohapo, mwanafunzi aliyeelekeza mtutu kwa mtu, hata kama ndani mna mti mtupu, alirudishwa nyumbani siku ile. Niliona kichekesho: anahangaika ili watu wajue kuwa ni uongo, halafu anawakaripia kwa kuuchukulia kama uongo. Leo naona hakukuwa na mgongano. Mkono ulitakiwa kuzoea heshima. Jicho lilitakiwa kuujua ukweli.

Sharti la tatu lilihusu risasi za kweli. Kila mlinzi alikuwa na tano. Akifika kwetu alizitia katika kopo lililotundikwa jikoni kwa mama, mbali na uani, na baada ya mazoezi akahesabiwa tano zake akaondoka nazo.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa na rafiki zangu wa Unga Limited niliotaka kuwaonyesha kitu. Nilichukua tatu kati ya zile kumi na mbili. Nikakwangua rangi kwa msasa, nikaziba matundu kwa nta ya mshumaa, nikayasugua maganda kwa jivu na limau mpaka yakang'aa, na ncha ya mpera na ule mpira wa nyuma nikavipaka rangi ya shaba niliyoomba kwa fundi wa mabango. Nakiri kwamba zilipendeza. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mikono yangu niliyojivunia. Rafiki zangu walizipitisha mkono kwa mkono, wakaniamini. Nilipozirudisha nilinuia kuzipaka upya ile rangi nyekundu, lakini mlango ulikuwa umekwisha pakwa na kopo la rangi lilikuwa tupu. Nikasema kesho.

Jioni moja mvua iliwakuta uani, wakakusanya vitu haraka wakaingia jikoni kwenye koroboi. Ilihesabiwa tano, akapewa tano. Hesabu ilikuwa sawasawa. Usiku ule wezi waliruka ukuta, mlinzi akalenga hewani awatishe, akafyatua. Ikalia “ta”, basi. Angeweza kuvuta mtambo tena akapata risasi ya pili, lakini mwenye panga hakumsubiri. Mkono wake wa kulia ulishonwa hospitali. Vidole viwili havikukunjika tena.

Baba mdogo aliletewa ile iliyogoma. Aliizungusha kwenye mwanga, akaipitisha ukucha ubavuni, nta ikabanduka. Hakunitazama. Zote kumi na mbili alizitia motoni siku ileile, na kwa wenzake alisema kosa ni lake, kwamba alihesabu bila kugusa. Hakuwadanganya, kwani kweli alihesabu bila kugusa.

Tumezoea kuogopa upande mmoja tu: risasi ya kweli kudhaniwa ya bandia. Nao ni upande wa kuogopwa. Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, watu waliokuwa wakipiga filamu iitwayo Rust walikuwa katika majaribio na bastola iliyotakiwa kuwa na risasi za bandia peke yake. Ilikuwamo ya kweli. Mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa, na mwongozaji akajeruhiwa. Risasi za bandia za filamu hutengenezwa zifanane kabisa na za kweli, maana kamera huzitazama kwa karibu. Mtu huzitambua kwa gololi ndogo inayolia ndani akizitikisa, au kwa tundu ubavuni. Aliyekuwa na dhamana ya silaha pale alihukumiwa miezi kumi na minane mwaka 2024. Niliposoma habari hizo nilikumbuka keekee ya baba mdogo.

Lakini kuna na upande wa pili, ule wa mlinzi wetu: cha bandia kudhaniwa cha kweli. Babu zetu wa Maji Maji, mwaka 1905, walikwenda vitani wakiamini kuwa maji yatawakinga na risasi za Wajerumani. Sitaki kuwalinganisha na mimi. Wao walikuwa na dhuluma ya kuipinga na mimi nilikuwa na rafiki wa kuwavutia. Ninachosema ni kwamba mtu huweza kuuawa na kinga isiyokuwapo kama anavyouawa na silaha iliyopo.

Kuna watakaosema sikudanganya, kwa sababu sikumwambia mtu yeyote neno la uongo. Nimejitetea hivyo miaka mingi. Lakini kwangua rangi ukazibe tundu, umekwisha sema. Umemwambia yeyote atakayeokota kitu kile baada yako, mtu usiyemjua, katika giza usilolijua, na hayupo karibu akuulize. Neno la mdomo naweza kulirudisha kesho. Lile lilikuwa limekwisha ingia mfukoni mwa koti la mtu.

Mlinzi yule baadaye alifungua kibanda karibu na kwetu, akauza sigara na viberiti. Alirudisha chenji kwa mkono wa kushoto, na kila mara aliomba radhi kwa hilo, kama desturi yetu. Nilikwenda mara mbili nimedhamiria kumweleza. “Shikamoo mzee.” “Marahaba mwanangu, nikupe nini?” Mara zote mbili nilinunua kiberiti. Baba mdogo alifariki mwaka 1997, yeye mwaka 2003, na kwenye msiba wake niliombwa nishike daftari la rambirambi kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri.