Pete ya Bibi

Bibi yangu anaishi Ngombezi, nje kidogo ya mji wa Korogwe, kwenye nyumba aliyoijenga babu enzi akiwa karani wa shamba la mkonge. Mwezi wa nne aliniita. Nikapanda basi la asubuhi kutoka Dar, nikashuka Korogwe, nikachukua bodaboda, saa nane mchana nikawa nimekaa naye barazani. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa pete, akaniwekea kiganjani.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "wewe unaishi na watu wa mjini. Nenda kaipime hii. Nataka kugawa vyangu nikiwa hai, wasije wakagombana juu ya kaburi langu."

Mgawo alishaupanga kichwani. Kiwanja cha barabarani kingekwenda kwa mjomba. Pete ingekwenda kwa mama mdogo. Mama yangu alishapata chake zamani, ng'ombe wawili waliouzwa ili asome ualimu, na mwenyewe anasema hadai tena. Kwa hiyo hesabu ya bibi ilikuwa fupi: kiwanja upande huu, pete upande ule, mizani imetulia.

Hadithi ya pete naijua tangu nina akili. Babu aliinunua miaka ya sitini, mkonge ukiwa bado una hela. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, na karani wa shamba alikuwa mtu wa maana. Kuna mtu alishuka kutoka Umba na jiwe la bluu kwenye kikaratasi. Babu akatoa akiba yake, akalipeleka kwa sonara Tanga mjini lizungushiwe dhahabu. "Jiwe la Umba," bibi husema kila akilitaja, kama mtu anayetaja ukoo.

Na Umba si hadithi. Mto Umba unaanzia milima ya Usambara, unapita nyika ya kaskazini mwa mkoa wa Tanga, unavuka mpaka na kumwaga maji yake baharini upande wa Kenya. Kwenye bonde lake, na kule Kalalani wilayani Korogwe, hutoka yakuti za rangi ambazo wanunuzi wa vito duniani wanazifahamu: bluu, kijani, zambarau, za rangi ya machungwa, na nyingine zinazobadilika rangi ukizitoa juani na kuzipeleka kwenye taa. Ya bluu tunaiita yakuti samawi. Lugha yetu ilikuwa na majina ya mawe haya, yakuti, zumaridi, feruzi, akiki, muda mrefu kabla ya duka la kwanza la vito kufunguliwa Dar.

Basi nikarudi mjini na pete mfukoni. Kabla ya kuipeleka kupimwa nikaamua kwanza nijue bei, nikazunguka kwa masonara kama mnunuzi. Nikaonyeshwa pete mpya na za zamani, za mawe makubwa na za mawe kama punje ya mtama. Siku mbili nilizozunguka zilinifundisha kitu kimoja: bei ya yakuti hutegemea maswali matatu ambayo macho ya mnunuzi hayawezi kuyajibu.

Swali la kwanza: jiwe limetoka ardhini au kiwandani? Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa kuyeyusha unga wa alumina kwenye mwali wa moto, tone juu ya tone. Tangu hapo viwanda vimetoa mawe hayo kwa wingi mno, na bei yake ni ndogo.

Swali la pili: jiwe limepikwa? Yakuti nyingi zilizoko sokoni zimepashwa moto, kwa joto linaloweza kupita nyuzi 1,500, ili rangi ikolee na ukungu utoke. Hilo ni jambo la kawaida, na muuzaji mwaminifu hulisema. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko lilishtuka kugundua kuwa mawe mengi ya rangi ya machungwa yaliyokuwa yakitoka Thailand yalipikwa pamoja na berili, ikapenya ndani na kuyapa rangi ambayo hayakuzaliwa nayo. Watu walikuwa wameshalipa bei ya rangi ya asili.

Swali la tatu: jiwe ni la wapi? Mawe mawili yanayofanana yanaweza kuachana sana kwa bei kwa sababu moja lina cheti cha Kashmir na jingine halina.

Mnunuzi wa kawaida hawezi kuyaona hayo. Mimi nina digrii na nimezoea kuhoji watu kwa ajili ya mkate wangu, lakini mbele ya kile kioo cha duka nilikuwa kipofu kama mtu mwingine yeyote. Ukiondoa maabara, biashara nzima ya vito imekaa juu ya ulimi wa muuzaji.

Siku ya tatu nikaitoa pete ya bibi. Sonara, mzee mpole, akaiangalia kwa lenzi, akaiweka chini ya hadubini, akaniita nichungulie. Ndani ya jiwe kulikuwa na mistari iliyopinda, kama mitaro ya santuri, na vipovu vidogo vya hewa. "Jiwe la ardhini mistari yake imenyooka," akasema. "Hili limepikwa kwa Verneuil. Dhahabu ni nzuri lakini. Na kazi ya mkono ni nzuri."

Nikamuuliza thamani. Akanitajia bei ya dhahabu kwa gramu. Jiwe hakulitia kwenye hesabu.

*

Nilipompigia mama kumweleza, alijibu hapohapo: "Nyamaza. Bibi yako ana miaka zaidi ya themanini. Unataka kumuua?" Rafiki yangu mmoja, mtu wa msikitini, alinikumbusha kuwa hata dini imeruhusu neno lisilo kweli likiwa la kupatanisha watu. Mwenzangu wa kazini aliliweka kisomi zaidi. Alisema hakuna uongo hapa, kwa sababu yakuti ya kiwandani ni yakuti. Ni oksidi ileile ya alumini, ugumu uleule wa 9, bluu ileile inayotokana na chuma na titani. Sasa bibi amedanganywa nini?

Hoja hii ya mwisho ilinikalisha usiku. Ukiifuata, unajikuta unauliza thamani ya kitu inakaa wapi, kwenye kile kilichoumba kitu au kwenye namna kilivyotufikia. Tazama pete ya yakuti samawi aliyochumbiwa nayo Diana mwaka 1981, ambayo mwanawe William alimvisha Kate mwaka 2010. Jiwe lake lina karati 12 hivi, na duniani yapo makubwa na mazuri kuliko hilo. Lakini hakuna jiwe litakalochukua nafasi yake, kwa sababu kinachotunzwa pale ni mkono uliolivaa. Kwa kipimo hicho pete ya bibi haijapungua hata chembe. Babu alitoa akiba yake, alisafiri kwenda Tanga, alimvisha mkewe. Hadubini haina lenzi ya kuyaona hayo, wala ya kuyafuta.

Kwa hiyo nilikuwa karibu kunyamaza. Ningerudi na pete imesafishwa, ningesema "bibi, ni nzuri sana," na ningekuwa nimesema kweli.

Kilichonizuia ni mama mdogo.

Kama pete ingekuwa ukumbusho tu, kunyamaza kungekuwa hisani. Lakini bibi hakunituma nikaipime kama ukumbusho. Aliitumia kama jiwe la mizani, na upande wa pili wa mizani kuna kiwanja cha barabarani, Ngombezi, ambako watu wanazidi kujenga. Pete ileile ni kweli kama kumbukumbu na ni uongo kama urithi. Mimi ningenyamaza kwa huruma ya mtu mmoja, na gharama ingelipwa na mtu mwingine, mwanamke anayeuza maandazi, ambaye siku akibanwa na ada ya mtoto angeipeleka hiyo pete sokoni na kuambiwa kaunta, mbele za watu, kile nilichoambiwa mimi faraghani.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Mimi ni mwandishi ninayependa kuwasema madalali. Tunajua mchezo ulivyo: mchimbaji mdogo anatoka shimoni na jiwe asilolijua, dalali ana tochi na lenzi, anaona kilichomo, anakunja uso, anasema "hili takataka, nakusaidia tu." Serikali ilipoanzisha masoko ya madini mwaka 2019, sababu mojawapo ilikuwa hiyo, bei itajwe hadharani na mwenye mali aisikie. Mwaka uliofuata Saniniu Laizer akauza mawe mawili ya tanzanite, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7 na ushei, nchi nzima ikishangilia. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba mchimbaji alijua alichoshika kabla hakijatoka mkononi mwake.

Sasa mimi na dalali tulitofautiana nini? Yeye anajua na mwenziwe hajui, ananyamaza apate faida. Mimi najua na mama mdogo hajui, ninyamaze nipate utulivu wa familia. Nilijitetea kwamba mimi sichukui hela. Lakini aliyepunjwa hapunjwi kidogo kwa sababu aliyenyamaza hakutia kitu mfukoni.

Cicero, Mroma aliyeandika miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, aliliweka swali hili kwa mfano wa mfanyabiashara aliyefika Rodi na nafaka wakati wa njaa, akijua meli nyingine zenye shehena ziko njiani. Awaambie wanunuzi au auze kwanza kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli anamtetea: kutosema si kuficha. Antipater anamkatalia: unachokijua wewe na kinachowahusu wao hakikuwa chako peke yako. Waislamu wa pwani wanaijua hadithi ya Mtume aliyetia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione. Muuzaji yule hakusema neno la uongo. Alipanga tu, juu kikae nini na chini kikae nini.

Na mimi ndivyo nilivyokuwa napanga: "ni nzuri sana" juu, mistari iliyopinda chini.

Kuhusu ruhusa ya kupatanisha, naikubali. Lakini neno la kupatanisha linazima ugomvi. Kimya changu kingeuahirisha ugomvi mpaka bibi awe hayupo, yaani kuufikisha palepale alipouogopa, juu ya kaburi lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

*

Nikarudi Ngombezi. Nilisubiri tumalize chai, nikamwambia. Sikuzunguka sana.

"Kwa hiyo la kiwandani," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na dhahabu?"

"Dhahabu ni ya kweli."

Akanyamaza muda mrefu, akitazama upande wa mashamba. Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa kuliko yote: "Babu yako alijua?"

Nikamwambia sijui, na hakuna wa kutuambia. Inawezekana aliuziwa kama vile alivyosimulia. Inawezekana akiba haikutosha jiwe la ardhini, akachagua la kufanana. Bibi akatikisa kichwa. "Yule alikuwa na macho ya mahesabu. Macho ya mawe hakuwa nayo." Akaishia hapo, nami sikuongeza.

Wiki ile aliwaita wanawe hao wawili. Kiwanja kimepimwa upya na kugawanywa. Mjomba hakufurahi. Aliniuliza nani kanituma kuleta maneno ya mjini, na mpaka leo simu zangu anazipokea pale anapotaka. Mama mdogo naye hakunishukuru. Nadhani angependa awe mrithi wa jiwe la Umba kuliko wa nusu ya kiwanja. Ukisema kweli usitegemee kubebwa juujuu.

Bibi sasa anaivaa ile pete. Miaka yote aliificha kwenye fundo akiogopa wezi, siku hizi anakwenda nayo gengeni. Nilipoiona kidoleni kwake nilifurahi, nikataka kuondoka na furaha hiyo kama ndiyo jibu la kila kitu.

Lakini jirani mmoja alipoisifia, nikiwa palepale, bibi alisema, "Alinipa mume wangu." Nikangoja aongeze. Hakuongeza. Lile neno "Umba", ambalo nimelisikia maisha yangu yote, hajalitaja tena, na najua ni mimi niliyelichukua. Bado naamini nilipaswa kusema. Ila nilichomrudishia mama mdogo, sehemu yake nilimkata bibi, na hiyo haiko kwenye mgawo wowote.